Hii Programu Umeitoa Wapi?

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wa Makorora aliingia dukani kwangu asubuhi, laptopu imefungwa ndani ya kanga. Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya kumi na mbili. Tunachapa, tunatoa kopi, tunajazia watu fomu za ajira na za vyuo, na mchana kazi ikipungua natengeneza kompyuta za majirani. Shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri, akasema, "Mwanangu, mashine inaniomba hela."

Nikaiwasha. Mafaili ya kikundi yalikuwepo yote kwa majina yaleyale, ila kila jina limeota mkia wa herufi nne usioeleweka, na hakuna hata moja lililofunguka. Kila folda ilikuwa na barua ya Kiingereza iliyoitwa _readme.txt. Ilidai dola 980, au nusu yake, dola 490, kama angewasiliana na wenyewe ndani ya saa 72. Leja ya akiba na mikopo ya miaka minne haisomeki tena.

Nilimuuliza kama kuna programu mpya iliyowekwa karibuni. Alisema fundi aliyempigia Windows ndiye aliyemwekea na programu ya kuandikia na ya hesabu, zote kwa flashi, kwa shilingi elfu kumi. Wakati wa kuweka, mashine ilitoa onyo jekundu. Fundi akamwambia, "Usijali mama, hiyo kawaida. Tunazima antivairasi kwanza."

Maneno hayo ya mwisho nimeyasikia mjini hapa mara nyingi mno. Nataka kuyafungua taratibu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtumiaji wa kawaida anahitaji kukijua ili aamue ipi aiamini na ipi aikatae.

Kirusi kilichoyafunga mafaili ya kina mama ni cha ukoo unaoitwa STOP, au Djvu, unaozunguka duniani tangu karibu mwaka 2018. Njia yake kuu ni kraki, yaani vile vifaa vya kuvunja kufuli la leseni ili programu ya kulipia itumike bila kulipiwa. Kraki kwa kawaida hufanya kazi yake kwa kugusa mafaili ya programu nyingine, au ya Windows yenyewe. Antivairasi iliyo macho italalamika hata kama kraki hiyo haina kitu kingine ndani. Kwa hiyo mafundi wamezoea kuizima, na wateja wamezoea kuiona ikizimwa. Mwizi hakuhitaji ujanja mpya. Alijificha ndani ya mazoea: alijua mlango utafunguliwa na mlinzi ataambiwa akalale.

Simlaumu yule fundi kama watu wanavyodhani. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilikuwa na flashi ya namna hiyo mfukoni, na kila programu iliyokuwemo nilipewa na fundi mwingine, naye alipewa na mwingine. Katika mnyororo ule hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua mwanzo wake ulikuwa wapi, na nani aliufungua mfuko njiani akatia mkono.

Ukibonyeza Ndiyo

Skrini inapofifia na Windows ikauliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako, wengi hudhani ni swali la adabu tu. Kumbe wanakabidhi funguo. Kwenye simu kila programu inaishi chumbani kwake. Ikitaka picha zako, kamera au orodha ya namba, hubisha hodi kwanza. Kompyuta zetu nyingi hazikujengwa hivyo. Programu ya kawaida uliyoifungua wewe inaweza kusoma, kubadili na kufuta karibu kila faili unaloweza kulifikia wewe, hata kabla hujabonyeza Ndiyo. Ukishabonyeza, inapata na uwezo wa ziada: kujipachika iwake pamoja na mashine, kuwazima walinzi, kufuta nakala ambazo Windows ilikuwa ikizihifadhi kimyakimya. Mchezo wa karata uliopakuliwa kumfurahisha mtoto una nguvu juu ya leja ya kikundi sawasawa na programu ya hesabu yenyewe.

Ndiyo maana swali tulilozoea kuulizana, "programu gani nzuri ya kuandikia?", kwangu ni swali la pili. La kwanza ni hii imefikaje hapa.

Watu wa Tanga swali hili tunalijua kwa samaki. Ukifika Deep Sea asubuhi hununui kwa jina la samaki peke yake. Changu ni changu, lakini kuna changu wa mshipi na kuna changu wa baruti. Wa baruti kwa nje anaweza kuonekana mzima, jicho linang'aa. Ukimpasua unakuta damu imevilia ndani na mfupa wa mgongo umevunjika. Mnunuzi mzoefu anabonyeza nyama kwa kidole, anainua matamvua, na anauliza amevuliwa wapi na nani. Programu nayo ina jina, ina picha yake nzuri kwenye skrini, na jina na picha hiyo havikwambii lolote kuhusu safari yake.

Safari hiyo ina alama unayoweza kuikagua. Watengenezaji makini huitia programu yao sahihi ya kidijitali. Sahihi hii ni hesabu, haifanani na muhuri wa wino unaoweza kuigwa na mchongaji. Mtengenezaji ana ufunguo wa siri wa kutilia sahihi, na kompyuta yako ina ufunguo wa wazi wa kuihakiki. Kikibadilishwa kitu kidogo tu ndani ya faili baada ya sahihi kutiwa, hesabu inakataa. Ile skrini iliyofifia huionyesha: kwenye Windows 10 na 11 sanduku huwa la buluu likiwa na jina la mchapishaji aliyethibitishwa, na huwa la njano kama mchapishaji hajulikani. Programu iliyochokonolewa ili kufuli lake livunjike haiwezi kubaki na sahihi halali ya mwenyewe, maana kuichokonoa ndiko kuivunja sahihi.

Watengenezaji wengine huchapisha pia alama ya utambulisho wa faili, mlolongo wa tarakimu na herufi 64 unaoitwa SHA-256. Unaikokotoa kwenye mashine yako kwa amri ya Get-FileHash, inayoandikwa ndani ya PowerShell ya Windows, kisha unalinganisha. Alama hiyo uichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ukiikuta palepale ulipopakulia faili la mashaka, aliyebadilisha faili atakuwa amebadilisha na alama.

Kwa mtu asiye na muda wa hayo yote, hatua moja inazuia madhara mengi: andika anwani kwa mkono wako. Ukiitafuta programu mtandaoni, jibu la juu kabisa mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, na matapeli nao hulipia matangazo. LibreOffice, ya kuandikia na ya hesabu, iko libreoffice.org; VLC, ya kuchezea video, iko videolan.org; 7-Zip, ya kubana mafaili, iko 7-zip.org. Kwenye simu ni hivyohivyo: zile WhatsApp za kutengenezwa pembeni, GB na ndugu zake, zinafurahisha kwa rangi na vikorombwezo, lakini umemkabidhi mtu usiyemjua mazungumzo yako yote, wakati meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zimeshatufundisha mtu asiyejulikana anaweza kufanya nini akiwa na kidogo tu.

Sumu ikitiwa jikoni

Hapa jambo linakuwa zito, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba njia safi inatosha siku zote.

Agosti 2017, programu ya kusafisha kompyuta iitwayo CCleaner ilitoa toleo jipya, namba 5.33. Lilipakuliwa kwenye tovuti halali, likiwa na sahihi halali ya kampuni. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Wadukuzi walikuwa wameingia katika mitambo ya watengenezaji wenyewe na kutia sumu kabla ya sahihi kutiwa. Toleo hilo liliwafikia watumiaji takriban milioni 2.27, ingawa shabaha halisi ya wadukuzi ilikuwa mashine chache za kampuni kubwa za teknolojia. Mtu aliyefanya kila kitu sawasawa aliambukizwa.

Kisha Machi 2024 likaja la xz, kiprogramu kidogo cha kubana mafaili kinachokaa ndani ya mifumo mingi ya Linux, inayoendesha kompyuta badala ya Windows. Msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea kusaidia kuutunza kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, mpaka akaaminiwa; ndipo akapachika mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeligundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye hakuwa akitafuta virusi. Aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kumekuwa kukichelewa karibu nusu sekunde, akakataa kuliacha hilo lipite. Nusu sekunde!

Na mapema zaidi, mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa kompyuta wa Unix, alionyesha kwamba hata ukiusoma msimbo wote wa programu mstari kwa mstari, bado unaweza kudanganywa na mkalimani, yaani ile programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Mkalimani aliyeharibiwa anaweza kupachika mlango wa siri usioonekana popote katika msimbo. Kwa maneno mengine, mwishoni kabisa daima kuna mtu unayemwamini.

Nimewahi kuyaeleza haya kwa vijana wa dukani, na mmoja akajibu haraka: basi zote sawa, ya kraki na ya halali, bahati tu. Hapana. Dereva mzuri naye hupata ajali barabara ya Segera, na hakuna anayelitumia hilo kumpa mlevi usukani. Tazama kilichofuata baada ya ajali hizo mbili. CCleaner ilikuwa na mwenyewe anayejulikana: alitangaza hadharani, akatoa toleo safi, na watu wakajua la kufanya. Mlango wa xz ulikamatwa kabla haujasambaa kwenye mifumo mingi ya kawaida, kwa kuwa mtu wa nje aliruhusiwa kuchungulia ndani. Ya kwenye flashi ikiharibika, utamtafuta nani?

Wala msimbo wazi si hirizi. Kasoro iliyoitwa Heartbleed ilikaa katika OpenSSL, iliyolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, tangu 2012 hadi ilipotangazwa Aprili 2014, na msimbo ulikuwa wazi muda wote. Faida ya uwazi ni kwamba mwenye shaka haombi ruhusa ya kwenda kutazama. Kama kweli kuna anayetazama, hilo ni jambo jingine, na linategemea nani anailea programu.

Nani anailea, na anakula wapi

Programu isiyolelewa huoza hata kama ilizaliwa njema. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo, kikafunga kompyuta katika nchi takriban 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Miezi miwili ilitosha kuwatenganisha waliosasisha na walioahirisha.

Najua sababu ya kuahirisha hapa kwetu: bando. Sasisho kubwa la Windows linaweza kumeza gigabaiti kadhaa, na mtu anayeunga intaneti kutoka kwenye simu anaona kama anaibiwa. Hilo halitatuliwi kwa kuzima masasisho. Kwenye mipangilio ya Windows weka alama kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, Windows itapunguza kupakua yenyewe. Kisha mara moja kwa mwezi peleka mashine mahali penye intaneti isiyokatika, iache ishibe. Wateja wangu huniletea Ijumaa, wanachukua Jumamosi.

Kuna tarehe nyingine ambayo mjini wengi imewapita: 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuilea Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, ukiacha nyongeza ya viraka vya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi, au cha rika hilo kutoka kwa wengine, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa hapa ni za kabla ya hapo. Ukinunua mashine iliyotumika, muulize muuzaji ni kizazi cha ngapi kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu riziki ya mtengenezaji, wengi huona haya kuuliza, wakati ni swali la haki kabisa. Kampuni ya Avast ilikuwa ikigawa antivairasi ya bure kwa mamilioni ya watu. Kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji hao walikuwa wakizitembelea, hadi ilipofungwa Januari 2020. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Mlinzi alikuwa anauza habari za nyumba anayoilinda.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili tofauti kabisa. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma msimbo, kuibadilisha na kumgawia mwenzako. Ya bure inaweza kuwa mtego. Huria nayo inaweza kuwa mbovu, lakini mwenye nayo hawezi kukufungia nje. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun na kuwa mwenye OpenOffice, programu huria ya kuandikia na ya hesabu, wengi wa walioijenga waliingiwa na wasiwasi. Septemba mwaka huohuo walichukua msimbo wakaanzisha LibreOffice, na watumiaji wakahama na nyaraka zao zote. Haki hiyohiyo ndiyo iliyowezesha mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Nyaraka ni jambo la kuliangalia mapema. Muundo wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice, ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na ule wa .docx na .xlsx wa Microsoft ulifuata 2008. Kabla ya kuingiza leja ya mwaka mzima katika programu yoyote ya hesabu, jaribu kuitoa: ingiza mistari mitano, kisha itoe kwa muundo unaofunguka kwingine. Ikikataa, ondoka ungali na mistari mitano.

Sisi wenye steshenari tuna mzigo wa ziada. Katika mashine zetu mna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kraki kwenye kompyuta ya duka ni hatari ya watu ambao hata hawakuulizwa.

Turudi kwa mama wa Makorora. Zipo aina za zamani za kirusi kile ambazo wataalamu walifanikiwa kuzifungua. Ya kwake haikuwamo. Nilimshauri asilipe, kwa kuwa hakuna anayemhakikishia kwamba ufunguo utakuja, na hela za wanachama si zake. Diski ile nimeihifadhi jinsi ilivyo, huenda siku moja ufunguo ukapatikana. Nikaweka nyingine. Mashine yao haifai kwa Windows 11, na kazi yao ni leja, barua na mihtasari ya vikao, basi nikawawekea Linux Mint pamoja na LibreOffice, vyote kutoka kwenye tovuti zao wenyewe, alama zimelinganishwa mbele yake. Jirani yangu mwenye duka la vipuri nilimwambia tofauti: programu yake ya mauzo inakubali Windows tu, na kwake kulipia leseni halali ni sehemu ya gharama za duka kama umeme. LibreOffice nayo ina udhaifu wake; jedwali lenye makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha, linaweza kuvurugika, na nilimwonyesha katibu hilo kabla hajakubali.

Leja tunaijenga upya Jumamosi hadi Jumamosi kwa kadi za wanachama na meseji za malipo zilizobaki kwenye simu ya mweka hazina. Nakala moja inakaa kwenye laptopu, ya pili kwenye diski inayochomolewa na kuwekwa kabatini kwa mwenyekiti, na ukurasa wa jumla unachapwa kila mwisho wa mwezi. Wanachama wawili hesabu zao hazijakaa sawa. Mmoja amevuka kwenda Pemba kwenye msiba na kadi anayo yeye, kwa hiyo mstari wake tumeuacha wazi mpaka arudi.